Neno refu la Kiingereza lenye herufi za PEMBA hupatikanaje?

Chukua herufi tano za jina PEMBA: P, E, M, B, A. Tafuta neno la Kiingereza, refu kadiri uwezavyo, ambalo ndani yake zimo zote tano, popote zilipokaa na kwa mpangilio wowote. Wengi wetu tukiulizwa hivi tunakimbilia yale maneno mashuhuri tuliyosimuliwa tangu skuli. Lipo lile la herufi 45, PNEUMONOULTRAMICROSCOPICSILICOVOLCANOCONIOSIS, jina la ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini sana, lililotungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha watunga mafumbo cha Marekani, kwa nia hasa ya kupata neno refu kuliko yote. Lipo FLOCCINAUCINIHILIPILIFICATION, herufi 29. Lipo ANTIDISESTABLISHMENTARIANISM, herufi 28.

Yote matatu yanashindwa. La kwanza, pamoja na urefu wake wote, halina B. La pili halina E, wala M, wala B. La tatu limeshika A, B, E na M, likakosa P.

Kukariri maneno marefu, kwa hiyo, hakukufikishi mbali. Anayejibu vizuri maswali ya namna hii halitoi neno zima kutoka kichwani. Analijenga: anaanza na herufi moja, anatafuta mzizi unaoibeba, kisha anaongeza kichwa na mkia mpaka herufi zilizobaki zitimie. Na hili ni jambo ambalo Mswahili amelizoea tangu utotoni. Sisi tunasema pika, pikia, pikisha, pikishwa, wanaotupikia, hawakutupikia, na hakuna aliyewahi kukaa akayakariri maneno hayo moja moja. Kiingereza nacho kina viambishi vyake. Ni vichache kuliko vyetu, vingi vinakaa mwishoni, na ukivijua vinavyoleta herufi gani, nusu ya kazi umeimaliza.

Lakini kabla ya kujenga, lazima swali lenyewe lifumuliwe, maana watu wengi hubishana kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake.

Ukimpa mtu herufi za UNGUJA, anaweza kukuelewa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kutunga neno kwa herufi hizo tu, kila moja mara moja kama ilivyotolewa: hapo atapata JUG na GUN, na hatafika mbali, kwa sababu neno haliwezi kuzidi herufi sita alizopewa. Hii ndiyo njia ya Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, na ndiyo pia ya kipindi cha Countdown cha televisheni ya Uingereza, kilichoanza mwaka 1982, ambapo mshindani hupewa herufi tisa na sekunde 30. Njia nyingine inaruhusu kurudia herufi kadiri unavyotaka, ila si kuingiza ngeni. Kwa PEMBA utapata MAMBA, yule nyoka, kwa kurudia M na A. Ya tatu inataka herufi zije kwa mfuatano uleule, P kabla ya E, E kabla ya M, na kuendelea. Na ya nne ndiyo yetu: herufi zote ziwemo, mpangilio wowote, na ngeni zinakaribishwa. Ni hii ya nne peke yake inayofungua njia ya maneno marefu kwelikweli, kwa sababu kila herufi ngeni inayoingia inaongeza urefu badala ya kuharibu jibu.

Hata ndani ya hii ya nne umebaki ugomvi mmoja. UNGUJA ina U mbili. Je, neno litakalojibu lazima liwe na U mbili, au moja inatosha? Tazama CONJUGATION, neno ambalo kila mwanafunzi wa sarufi amelisikia. Lina N, G, J, A na U moja. Ukihesabu aina za herufi tu, limepita. Ukihesabu kila herufi kwa idadi yake, limekwama. Sasa tazama SUBJUGATION, kitendo cha kuwatia watu chini ya himaya kwa nguvu. Herufi ni 11 vilevile, lakini U ni mbili, na N, G, J, A zote zimo. Hilo limepita kwa kanuni yoyote ile. Mimi napendelea kanuni kali, ya kuhesabu idadi, kwa sababu inamlazimisha mtu kufikiri zaidi. Iliyo muhimu zaidi ni kukubaliana kabla ya kuanza.

Anza na herufi adimu

Makosa ya kawaida ni kuanza na irabu. A na E na I zimejaa kila mahali katika Kiingereza. Kusema "nitafute neno lenye A" ni kama hujasema kitu. Herufi inayopunguza maneno ndiyo inayosaidia, na hiyo ni ile isiyoonekana mara nyingi.

Uchache wa herufi si jambo la kukisia. Katika karne ya 9, huko Baghdad, al-Kindi aliandika namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1930, Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili aubuni mchezo uliokuja kupewa jina la Scrabble mwaka 1948. Ndiyo maana katika vipande 100 vya mchezo huo E ziko 12, A ziko 9 na I ziko 9, lakini K, J, X, Q na Z ni kipande kimojakimoja. K ina alama 5, J na X alama 8, Q na Z alama 10.

Sasa yaangalie majina yetu. Unguja ina J. Mkoani ina K. Chake Chake ina K. Zanzibar ina Z mbili. Kiswahili kinazipenda sana K, J na Z, herufi zilezile ambazo Kiingereza kinazitumia kwa ubahili. Kwa hiyo mtu wa huku anayetumia majina ya nyumbani kama herufi za kutafutia amejichagulia mchezo mgumu kuliko wa mtoto wa London. Ugumu huo una faida: kila jina linakupa mahali pazuri pa kuanzia.

Tuanze na J ya Unguja. Maneno mengi marefu ya Kiingereza yenye J yanatoka katika mizizi michache ya Kilatini. Upo JECT, wa kurusha: INTERJECTION, OBJECTIONABLE. Upo JUNCT, wa kuunga: CONJUNCTIVITIS. Ipo ile ya sheria na haki, JUR, JUD na JUST: JURISDICTION, PREJUDICIAL, JUSTIFIABLE. Na upo JUG, wa nira. Jiulize ni upi unaobeba U na G pamoja. Ni JUG peke yake. Hapo umeshapata herufi tatu kati ya sita, na umebakiwa na N, A na U ya pili. Mkia ATION unaleta A na N kwa mpigo, na kichwa SUB kinaleta U. Ukiunga, umefika SUBJUGATION bila kulikumbuka popote. Ukiweka kichwa UN, chenye U na N, mbele ya CONJUGATED, unapata UNCONJUGATED, herufi 12, neno ambalo wahudumu wa maabara wanalijua, maana ndilo linaloielezea bilirubini ambayo ini halijaifanyia kazi, ile inayomfanya mtoto mchanga awe na rangi ya manjano. Na JUGGERNAUT, iliyotoka India katika jina la Jagannath, nayo ina herufi zote sita za Unguja, ingawa haimo katika ukoo wa nira hata kidogo. Mizizi haimalizi kila kitu.

K ni habari nyingine. Kilatini kiliandika sauti hiyo kwa C, kwa hiyo maneno yaliyotoka Kilatini, ambayo ndiyo mengi kati ya yale marefu, hayana K. Ukiona K, acha kabisa kufikiria mikia ya ATION na ABILITY kwanza, ufikirie maneno ya asili ya Waingereza wenyewe, ambayo huwa marefu kwa kuunganishwa mawili au matatu. Kwa MKOANI, WORK na MAN na SHIP zinatoa WORKMANSHIP, ustadi wa fundi, herufi 11, na zote sita zimo. Njia nyingine ni kukitafuta kitenzi kinachoishia kwa K au KE, kisha kuweka ING, maana hapo K, I na N umezipata kwa pamoja: HOMEMAKING, MONEYMAKING. Mlango wa pembeni ni Kigiriki, ambacho K yake mara nyingine ilihifadhiwa: KLEPTOMANIAC, mtu mwenye maradhi ya kuiba, herufi 12, naye anazibeba zote za Mkoani.

Q sitaisemea sana kwa kuwa majina yetu hayana. Ukipewa Q, ihesabu U kuwa umeshapewa pia, isipokuwa katika maneno machache kama QANAT, mfereji wa chini ya ardhi, yanayotoka Kiarabu na lugha jirani.

Z inayokuja na kuondoka

ZANZIBAR inastahili mahali pake yenyewe, kwa sababu inaonesha kitu ambacho wanafunzi wetu wanakutana nacho bila kuelezwa.

Tuseme kwanza tunahesabu aina za herufi: Z, A, N, I, B, R. Z katika maneno marefu ya Kiingereza inakaa zaidi katika mkia IZE na ndugu zake, IZATION, IZABLE, IZING. Ukichukua IZATION, umeipata Z, I, A na N mara moja. Imebaki B na R. Neno gani fupi lina B na R? URBAN, na hapo hapo unapata URBANIZATION, kukua kwa miji, herufi 12, jambo ambalo mtu yeyote anayepita njia ya Amani au Fuoni analiona. Weka SUB mbele: SUBURBANIZATION, herufi 15. CARBON inatoa CARBONIZATION, na ukiweka DE, DECARBONIZATION, herufi 15 nayo. HYBRID inatoa HYBRIDIZATION, 13. Kwa mkia wa IZABLE, ambao unaleta Z, A na B, unapata UNRECOGNIZABLE, 14.

Ukitaka na A mbili, kama zilivyo katika jina, HYBRIDIZATION na UNRECOGNIZABLE zinatoka. Zile za URBAN na CARBON zinabaki. Ukitaka na Z mbili, hakuna hata moja kati ya hizo inayopita.

Lakini mwalimu wa Kiingereza huku kwetu, anayefundisha kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, anaweza kuandika ubaoni URBANISATION kwa S, na Z yote imekwenda. Mwanafunzi akija na URBANIZATION akaambiwa amekosea, ataondoka na somo la uongo. Ukweli ni kwamba tahajia ya Z si ya Wamarekani peke yao. Kamusi za Oxford, za Uingereza yenyewe, zimeishikilia IZE kwa miaka mingi, na zinaitaja IZE kwanza. Magazeti mengi ya Uingereza yanaandika ISE. Zote mbili ni sahihi, ila kwa mtafutaji wa herufi tofauti yake ni kubwa: tahajia moja ina maelfu ya maneno yenye Z, nyingine haina. Kwa hiyo kabla ya kusema "hakuna", angalia kamusi yako inaandika vipi. Na kuna maneno ambayo Z yake haiondoki kwa tahajia yoyote, kama BIZARRENESS, herufi 11, ambayo nayo ina herufi zote za aina ya ZANZIBAR.

Mkia unaleta, mkia unaondoa

Turudi PEMBA, maana hapa ndipo penye utamu.

Herufi tano hizi hazina adimu kali kama J au Z. B, M na P ndizo za kuanzia. Kiingereza kina kichwa IN chenye maana ya kukanusha, na kikija mbele ya P, B au M hugeuka IM: IMPOSSIBLE, IMBALANCE, IMMOBILE. Sisi tunalijua jambo hili kwa ulimi wetu, maana N ya ngeli nayo hugeuka M ikikutana na B, ndiyo tukasema nyumba mbaya na nguo mbovu. Basi IM ikitangulia P, M na P zimeshapatikana pamoja. Na mkia ABLE unaleta A, B na E. Tano zimetimia: kinachotakiwa ni shina lolote linaloanza na P na kukubali IM mbele na ABLE nyuma. PERMEABLE inatoa IMPERMEABLE, kitu kisichopitisha maji, herufi 11. PERTURB inatoa IMPERTURBABLE, mtu asiyetetereka, herufi 13.

Sasa lipime INCOMPATIBLE, herufi 12, vitu visivyopatana. P imo, E imo mwishoni, M imo, B imo, A imo. Vizuri. Mtu atasema, tulirefushe: badala ya IBLE tuweke IBILITY. INCOMPATIBILITY, herufi 15. Limekuwa refu zaidi, lakini soma tena taratibu. E iko wapi? Haipo. E pekee ya neno lile ilikuwa ile ya mwisho, na mkia mpya umeiondoa. Neno limekua na jibu limekufa.

Halafu fanya wingi wake. Y ya mwisho hugeuka IES, na E inarudi: INCOMPATIBILITIES, herufi 17, na PEMBA yote imo ndani. Hatua mbili, ya kwanza inaua, ya pili inafufua.

IMPERMEABLE haina shida hiyo, kwa sababu ina E nyingine katikati ya mzizi. IMPERMEABILITY, herufi 14, inabaki salama. SEMIPERMEABILITY, 16, salama. IMPERTURBABILITY, 16, salama, na wingi wake, IMPERTURBABILITIES, unafika 18. Kwa hiyo kila unapobadilisha mkia, usiangalie tu unachoongeza. Angalia herufi gani ilikuwa imekaa peke yake katika mkia wa zamani. Naamini hapa ndipo wengi wanapopoteza, kwa sababu jicho likishaona neno limerefuka huwa halirudi nyuma kuhesabu.

Namna nzuri ya kuhakiki kwa kalamu ni hii. Panga herufi za swali kwa utaratibu wa alfabeti: PEMBA inakuwa ABEMP. Panga na herufi za neno: INCOMPATIBLE inakuwa ABCEIILMNOPT. Sasa pita kushoto kwenda kulia. A, B, ruka C, E, ruka, M, ruka, P. Zote zimeonekana kwa zamu yake, bila kurudi nyuma hata mara moja. Fanya hivyo kwa INCOMPATIBILITY: ABCIIIILMNOPTTY. A, B, halafu baada ya C inakuja I. E imekosekana, umemaliza. Njia hii inahesabu na marudio. UNGUJA ikipangwa ni AGJNUU. SUBJUGATION ni ABGIJNOSTUU, na U mbili ziko mwishoni zinakusubiri. CONJUGATION ni ACGIJNNOOTU, U ni moja, haipiti.

Upangaji huohuo ndio unaofichua maneno yenye herufi sawasawa. LISTEN, SILENT, ENLIST na TINSEL, yote yakipangwa ni EILNST. Waliocheza kinyume Unguja, ule mchezo wa kuipeleka silabi ya mwisho mwanzo hata maji yakawa jima, wamefanya jambo hilo kwa silabi: maji na jima, ukizipanga herufi zao, zote ni AIJM.

Kazi ya mashine

Kompyuta, au simu, haijui mizizi wala mikia. Inachofanya ni kupitia orodha ya maneno neno kwa neno, na kwa kuwa orodha ya maneno laki mbili ni kitu kidogo kwake, jibu huja kabla hujapepesa macho.

Kwa mwenye kompyuta ya mfumo wa Linux, au mwenye simu ya Android aliyeweka programu ya Termux, chombo cha kale na rahisi ni amri iitwayo grep, iliyoandikwa na Ken Thompson miaka ya 1970 kwa ajili ya mfumo wa Unix. Inasoma faili na kutoa mistari yenye kile ulichokitaja. Ukiwa na faili la maneno, moja katika kila mstari, unaandika:

grep p maneno.txt | grep e | grep m | grep b | grep a

Kile kistari cha wima kinapeleka matokeo ya amri moja kwenye inayofuata. Ya kwanza inabakiza maneno yenye P, ya pili inayachuja yale yenye E, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukitaka marefu tu, ongeza | awk 'length > 11' na yatabaki yenye herufi 12 na kuendelea. Ukitaka U mbili, andika grep 'u.*u', yaani U, kisha chochote, kisha U nyingine. Kwa mtu mmoja mwenye swali moja, huhitaji zaidi ya hayo.

Waandishi wa programu zinazojibu maswali mengi kwa wakati mmoja wanataka kasi zaidi, na hapo huingia ufundi mzuri. Njia moja ni kulipa kila neno safu ya swichi 26, moja kwa kila herufi. Iliyomo katika neno inawashwa, isiyomo inazimwa. PEMBA ina swichi tano zilizowaka. Kompyuta inazilinganisha safu mbili kwa tendo moja tu, na kama zote tano zimewaka katika neno pia, neno limepita. Upungufu wake ni kwamba swichi haijui kuhesabu: U moja na U mbili kwake ni sawa.

Njia ya pili inanifurahisha zaidi, kwa sababu ina ndugu yake hapa kwetu. Waliosoma elimu ya falaki wanaijua hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ghaini ambayo ni 1000. Jina linahesabiwa kwa kujumlisha. Ali ni aini 70, lamu 30 na ye 10, jumla 110. Ile 786 inayoandikwa badala ya Bismillahi nayo ni jumla ya namna hiyo. Jumla, hata hivyo, haiwezi kukurudisha kwenye herufi zake, kwa kuwa namba moja hupatikana kwa njia nyingi: qafu yenye 100 na ye yenye 10 nazo ni 110.

Badilisha mambo mawili, na upungufu huo unaondoka. Kwanza, zipe herufi namba tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe: A ni 2, B ni 3, C ni 5, D ni 7, E ni 11, na kuendelea mpaka Z, ambayo ni 101. Pili, badala ya kujumlisha, zidisha. Kila namba inavunjika kuwa namba tasa kwa njia moja tu, kwa hiyo herufi hazichanganyiki tena. 30 ni 2 mara 3 mara 5, yaani A, B na C, wala haiwezi kuwa kitu kingine. PEMBA ni 53 × 11 × 41 × 3 × 2, sawa na 143,418. Neno lolote la Kiingereza lenye herufi zote za Pemba, namba yake itagawika kwa 143,418 bila baki. Lisilogawika halinazo. Na marudio yanahesabika vilevile: U ni 73, kwa hiyo UNGUJA inadai 73 mara 73, na CONJUGATION yenye 73 moja haigawiki. Tabu yake ni ukubwa. UNGUJA peke yake ni 225,938,942, na neno la herufi 17 linatoa namba ambayo kompyuta hailishiki kwa nafasi yake ya kawaida. Kwa hiyo wengi huishia kuweka tu hesabu ya kila herufi kando ya kila neno.

Orodha ndiyo hakimu

Njia yoyote utakayotumia, jibu haliwezi kuwa bora kuliko orodha unayotafutia, na orodha hazifanani. Ile ya bure iitwayo ENABLE ina maneno zaidi ya 170,000. Ile ya Collins inayotumika katika mashindano mengi ya Scrabble duniani ina zaidi ya 270,000. Mtu atadhani kubwa ndiyo bora. Lakini ubao wa Scrabble una safu 15 kwa 15, hakuna neno linaloweza kuzidi herufi 15 juu yake, na orodha ya mchezo huo inaishia hapo. Ukiiuliza maneno yenye PEMBA, itakupa IMPERMEABILITY, lakini INCOMPATIBILITIES haitakuonesha kamwe, wala SEMIPERMEABILITY. Hayakukosekana katika Kiingereza. Yamekosa nafasi ubaoni.

Orodha nyingine zinachanganya majina ya watu na miji, nyingine zinakusanya istilahi za kemia zisizo na mwisho, nyingine hazina wingi. Kwa hiyo wanaoshindana, wawe darasani au barazani, inawafaa wakubaliane mambo manne kabla karatasi haijagawiwa: kamusi ipi inaamua, herufi inayojirudia inahesabiwa mara ngapi, wingi unaruhusiwa au la, na Z na S zinachukuliwaje. Wingi ukiruhusiwa, kati ya maneno yaliyotajwa hapa PEMBA inafika herufi 18 kwa IMPERTURBABILITIES. Usiporuhusiwa, kuna mawili yanayofungana kwa 16, SEMIPERMEABILITY na IMPERTURBABILITY, na INCOMPATIBILITIES inaanguka pamoja na S yake ya mwisho. Kabla ya kukubali kwamba mwisho ni 16, jaribu vichwa vingine mbele ya PERMEABILITY na COMPATIBLE, ukiichunga ile E.